Mkristo na kitanzi: je, Warumi 13 inatosha kuitetea adhabu ya kifo?

Ndugu zangu, mwenzetu mmoja katika mjadala huu ameandika kwamba Mkristo hana sababu ya kuipinga adhabu ya kifo, kwa kuwa Mtume Paulo alikwisha kulimaliza jambo hilo katika Warumi 13:4 aliposema kwamba mwenye mamlaka "hauchukui upanga bure". Naiheshimu hoja hiyo, maana si hoja ya watu wasiojua uchungu. Katika jumuiya yetu ndogo ndogo huku Tabata, mama mmoja ambaye mwanawe aliuawa na majambazi alitusikiliza tukizungumzia huruma kwa karibu nusu saa, kisha akauliza, "Mwanangu mimi nani alimhurumia?" Hakuna aliyemjibu, na nadhani tulifanya vyema kunyamaza.

Hata hivyo, tuitazame sheria yenyewe tunayoitetea kwa aya hiyo. Kifungu cha 197 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, Sura ya 16, hakimwachii jaji nafasi ya kupima: akishamtia mtu hatiani kwa mauaji ya kukusudia, basi ni kifo, isipokuwa mama mjamzito na aliyekuwa na umri chini ya miaka 18. Mke aliyepigwa miaka kumi mpaka siku moja akapanga kumuua mumewe, na jambazi aliyempiga mlinzi risasi ili avunje duka, wote wawili wanasomewa maneno yaleyale. Niliwahi kuhudhuria hukumu ya namna hiyo Mahakama Kuu, pale Kivukoni. Wakili aliomba mteja wake apunguziwe adhabu, jaji akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba sheria imemfunga mikono. Mbele yangu alikaa dada wa mshtakiwa, ameshika mfuko wenye shati safi alilomletea kaka yake akitumaini kwamba angeachiwa siku hiyo.

Wanaonukuu Mwanzo 9:6, kwamba amwagaye damu ya mwanadamu damu yake nayo itamwagwa, waendelee kusoma mpaka Hesabu 35. Torati hiyohiyo iliyoamuru muuaji auawe ilitenga miji sita ya makimbilio, ikataka kusanyiko lichunguze kama palikuwa na chuki, kuvizia au bahati mbaya, na katika mstari wa 30 ikakataza mtu kuuawa kwa kinywa cha shahidi mmoja. Sheria yetu ya Ushahidi haidai idadi maalumu ya mashahidi. Mmoja akiaminika, anatosha, hata kama mwisho wake ni kitanzi. Kwa hiyo anayesimamia Maandiko kwa uaminifu atakuta kwamba hapa Musa alikuwa mwangalifu kuliko sisi. Kwangu mimi hili ndilo zito kuliko yote, na ninashangaa kwamba kwenye mimbari zetu halisemwi.

Wala si suala la Kanisa peke yake. Mwaka 1994 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu alitamka kwamba adhabu hiyo inakiuka Katiba. Mwaka 1995, katika rufani ya shauri hilohilo, la Mbushuu, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba ni ya kikatili na inamdhalilisha mtu, lakini ikaiacha isimame kwa maslahi ya umma. Tangu miaka hiyo ya tisini hatujanyonga mtu. Mwaka 2017 Rais Magufuli alisema hadharani kwamba asingeweza kusaini hati ya kumnyonga mtu. Mwaka 2018 Papa Fransisko alirekebisha Katekisimu, kitabu cha mafundisho ya Kanisa Katoliki, namba 2267, ili iseme kwamba adhabu hiyo haikubaliki. Mwaka 2019 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyopo Arusha, katika shauri la Ally Rajabu, iliona kwamba kumlazimisha jaji kutoa hukumu hiyo kunakiuka haki ya kuishi. Majaji wanaendelea kuitoa, hakuna anayetaka kuitekeleza, na aliyehukumiwa analala kila usiku asijue kama kalamu itasaini kesho.

Yule mama nilimsindikiza kituoni baada ya sala. Akaniambia kwamba tangu msiba, hakuna aliyempigia simu hata mara moja kumweleza upelelezi umefika wapi. Hajui kama kuna mtu aliyekamatwa. Kitanzi tunachokitetea kwa jina lake hakijamfaa kitu, na mimi binafsi ningependa kifutwe kabisa.

Lakini najua wengi hamjafika hapo, kwa hiyo nauliza lililo dogo zaidi, nikimwelekea hasa mwenzetu wa Warumi 13: ikiwa Bunge litaletewa marekebisho yanayomruhusu jaji kuchagua kati ya kifo na kifungo, baada ya kumpima mtu na kosa lake, ni aya ipi utakayoisoma kuyapinga?