Yah: Kozi ya kompyuta, nitajuaje kama niko tayari? Mwisho Ijumaa

Mama Naima, Columbus:
Habari za humu jamani, wakubwa shikamooni. Leo nimetoka koleji nina hasira hata chakula hakipiti. Nilikwenda kujiandikisha ile kozi ya kwanza ya kompyuta, ya krediti 3 (ndivyo huku wanavyopima uzito wa kozi). Adivaiza, yaani mshauri wa masomo, kijana wa kumzaa kabisa, kanitazama akaniuliza, "Wewe mwenyewe unajionaje, uko tayari?" Nitajuaje na kozi sijaisoma? Kanipa karatasi niweke vema kwa ninayoyaweza, nikaweka vema zote. Nafika nyumbani, mfumo umenigomea: hesabu hazijathibitishwa. Cheti changu cha kidato cha nne ni cha 2001, na hesabu humo nina F, siwafichi. FAFSA, yale maombi ya msaada wa masomo wa serikali ya Marekani, imeshapita. Mwisho wa kujiandikisha Ijumaa. Nifanyeje?

Baba Junior, Houston:
Pole dada. Anza na WES, wale wanaotathmini vyeti vya nje, bila WES hawakutambui. Yangu ilikaa miezi kwa sababu huko nyumbani walichelewa kutuma matokeo. Na usishuke chini ya krediti 12 kwa muhula, viza ya mwanafunzi ya F-1 si mchezo.

Mzee Kipara, Lowell:
Baba Junior, soma kwanza ndipo ujibu. Mtu kasema FAFSA imepita, hiyo F-1 umeitoa wapi? Mwenye F-1 hapati hela hiyo. Na WES itamsaidia nini, F si itabaki F? Anachotakiwa ni mtihani wa kupimwa. Kwetu ni ACCUPLACER: maswali 20 ya hesabu, hakuna saa ya kukukimbiza. Kikokotoo chako unakiacha nje. Swali likikihitaji, kinajitokeza chenyewe kwenye skrini. Ukipatia, linalofuata huwa gumu zaidi, kwa hiyo usione magumu ukadhani umeharibu.

Binti Tanga, Minneapolis:
Dada, kwanza uliza ni kozi ipi, maana majina yanafanana. Moja ni ya Word na Excel, nyingine ni ya kuandika programu. Mimi nilijitupa kwenye ya pili kwa sababu tu ratiba yake iliacha zamu yangu ya usiku. Wiki ya kwanza mwalimu kaandika ubaoni x = 5, chini yake x = x + 1, akauliza x sasa ni ngapi. Nilichukia! Kwa mwalimu wangu wa hesabu kule Tanga, hiyo ni bakora. Kumbe alama ile ya = kwenye programu maana yake ni "weka": chukua iliyomo, ongeza moja, rudisha humo humo. Jibu 6.

Lakini kilichonitoa jasho ni faili. "Pakua, fumua zipu, hifadhi kwenye folda yako." Mimi mtu wa simu, faili nalijua lile la kadibodi la masijala. Wenzangu wamemaliza zoezi, mimi bado naulizia faili limekwenda wapi. Jipime leo usiku: tengeneza folda, weka faili, libadili jina, zima kompyuta, washa, lipate bila kumwita mtoto. Halafu angalia muda wako. Krediti 3 ni kama saa 3 darasani na 6 nyumbani, kila wiki. Unazo?

Baba Junior:
Ikimshinda si aache tu? Hela ni ya serikali.

Mzee Kipara:
Ndiyo maana nasema usome! Akiacha baada ya zile siku za mwanzo inaandikwa W kwenye matokeo, yaani umejiondoa, na W inahesabiwa kama kozi uliyoianza usiimalize. Zikiongezeka msaada unakatwa. Mimi yalinikuta muhula wa kwanza, nikaletewa barua ya deni. Nililipa kidogo kidogo mpaka mwaka ukaisha.

Mama Shiro, Atlanta:
Wueh, mmenikumbusha mbali. Shule yetu kompyuta zilikuwa sita, zimefunikwa vitambaa vya kushonwa, ufunguo yuko nao mwalimu mkuu. Kipanya tulichorewa ubaoni kwa chaki. Halafu 2013 tukaahidiwa laptopu kwa kila mtoto wa darasa la kwanza. Zikageuka tableti. Msiniulize zaidi.

Kaka Sele, Dallas:
Nyinyi Wakenya mnalalamika nini, uraia pacha mlipata 2010. Sisi Watanzania bado tunaandika barua.

Msimamizi:
Uraia pacha una uzi wake. Rudini kwenye mada.

Mama Shiro:
Sawa. Ila kabla sijasahau, kuna mtu anakuja wiki ijayo kutoka nyumbani, ana nafasi ya kilo 4. Anayetaka dagaa aseme mapema.

Mama Naima:
Binti Tanga, nimefanya. Faili nimelipata, lakini naona yako mawili, jina moja. Hapo nimefaulu au nimefeli? Na huo mtihani unafanyika hapo hapo koleji au kuna mahali pengine? Kesho ni Alhamisi.

Kaka Sele:
Dagaa wa ziwa au wa baharini?