Mzee figo zimegoma ghafla, alikuwa anakunywa juisi ya mbirimbi. Alishwe nini?

kijana_wa_pwani:
Wakuu salaam. Mzee aliharisha na kutapika siku mbili tukajua tumbo tu, ya tatu mkojo hautoki, kufika hospitali kriatinini (taka za kwenye damu ambazo figo huzitoa) 780 wakati kawaida inaishia kwenye mia na kidogo. Sukari hana, presha anayo. Sasa ndo mama anasema kila asubuhi alikuwa anapiga glasi ya juisi ya mbirimbi, yale matunda machachu ya kijani, tumbo tupu eti inashusha kolestro. Inahusika? Na chakula kila mtu ana lake, shangazi kapiga marufuku nyama na maharage, jirani kaleta madafu manne ya "kusafisha figo".

nesi_mstaafu:
Pole mwanangu. Madafu hayo kunyweni nyie. Yana madini ya potasiamu mengi na figo ikigoma haina pa kutokea, inajaa kwenye damu mpaka moyo unaweza kusimama. Ndizi, machungwa, parachichi hivyo hivyo. Viazi katakata, chemsha maji mengi, mwaga, ndo upike. Ila mfuate kipimo cha damu, mkojo ukirudi kwa wingi potasiamu inaweza kushuka mpaka ikabidi aongezewe.

mla_pweza:
Mbirimbi inahusika sana tu. Ina oksaleti, aina ya asidi, ukiinywa glasi nzima tena hujala kitu inaingia kwenye damu, ikifika figo inashikana na kalsiamu inakuwa chengachenga zinaziba vile vijimrija, na mzee alishaharisha maji yamemuisha ndo kabisa. India kule Kerala, 2013 madaktari waliandika kuhusu wagonjwa 10 wa juisi hii hii, saba wakawekwa mashine ya kusafisha damu, figo zikarudi. MWAMBIENI dokta, bila nyie kusema hawezi kuwaza mbirimbi. Vitamini C za dozi kubwa kama anatumia aache, nazo zinageuka oksaleti.

nesi_mstaafu:
Na shangazi mwambieni kwa adabu hapana. Yale ni masharti ya figo sugu, huyu wa ghafla mwili unajila wenyewe, ukimnyima protini misuli inaisha na maradhi mengine yanamvamia. Miongozo inataka protini gramu 0.8 hadi 1 kwa kila kilo ya mwili kwa siku, akiwa kwenye mashine inafika 1.5 maana mashine nayo inazitoa. Mpeni yai, kuku, samaki mbichi, sio ng'onda wala dagaa wa chumvi. Maharage kweli yasubiri, sababu ya potasiamu.

kijana_wa_pwani:
Asanteni sana. Leo nimemwambia dokta, akaniuliza glasi ukubwa gani na kwa siku ngapi, kaandika yote kwenye faili. Kashawekwa mashine mara mbili, mkojo jana mililita 300. Madafu tumeyamaliza. Mama anauliza achari ya mbirimbi iliyopo ndani aitupe?

mla_pweza:
Asitupe jamani 😂 kipande kimoja na wali sio sawa na glasi nzima. Ila kwa mzee aifiche, hata kulamba asilambe.