Taekwondo ya kupiga hewa: tuiite mchezo?

Mkanda Mweusi
Wakuu salaam. Hili limenikaa kooni tangu vijana wangu waliponionyesha video. Juni 2023 kule Singapore, Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilifanya wiki ya michezo ya kielektroniki na taekwondo ikawemo. Wachezaji wamejifunga vihisi, vile vifaa vinavyosoma mwendo wa mwili, mikononi na miguuni, kila mmoja na eneo lake, wanapiga hewa. Wanaogongana ni vikaragosi vyao kwenye kioo. Hakuna anayeguswa, na wanaume na wanawake wanapambana pamoja. Novemba 2024, hukohuko Singapore, shirikisho la dunia likaandaa kabisa ubingwa wa dunia wa taekwondo hiyo.

Nafundisha watoto kwenye uwanja wa shule hapa Temeke, huu mwaka wa kumi na moja. Somo la kwanza ni kupokea. Mtoto akishaonja teke la ubavu ndipo anaelewa kwa nini mkono wa ulinzi haushuki. Naomba tujadili: mchezo ambao mwili haujibiwi na mwili mwingine, tuuite taekwondo?

Fundi Gemu
Mwalimu, heshima yako, lakini mashine iliingia kwenye taekwondo zamani. Tangu London 2012 kinga ya kifua ina vihisi, soksi zina sumaku, pointi inahesabiwa na kompyuta. Ukimpiga mtu teke la kumkata pumzi na kompyuta isilione, hujapata kitu. Mbona hapo hukulalamika? Na kama hoja ni kugusana, walenga shabaha wapo Olimpiki tangu 1896 na hawamgusi mtu.

Sauti ya Kijitonyama
Ukifungua mlango huo hutaweza kuufunga. Kesho wazee wa kijiweni nao watadai bao liende Olimpiki. Mtu yuko mkekani tangu saa nne asubuhi, anahamisha kete shimo hadi shimo, jioni tumwite mwanamichezo? Wale ni watu wasio na kazi.

Kete Sitini na Nne
Rudia hapo. Wasio na kazi?

Babu yangu alikuwa seremala, Unguja kusini. Bao lake alilichonga kwa mkono wake, na mashimo yalikuwa yameng'aa kwa kushikwa. Alipopofuka uzeeni hakuacha kucheza. Alipitisha vidole juu ya mashimo kwa wepesi kama anayepangusa vumbi, na mpinzani akitawanya kete yeye anainamisha kichwa, anasikiliza zinavyodondoka. Alijua imeishia shimo gani. Mashimo 32, kete 64, zote ziko kichwani. Nilimwona kwa macho yangu akimfunga mwalimu wa hesabu bao hamna, safu ya mbele tupu kabisa. Wewe shika kete zako 22 uanze namua, hatua ya kwanza, tuone kama mtaji, hatua ya pili, utafika ukiwa hai.

Mama Wawili, Tanga
Samahanini, nirudi kwenye mada. Kijana wangu ana miaka kumi na minne, ana hemofilia, damu yake haigandi upesi. Pigo ambalo mwenzake analipangusa tu, kwake goti linajaa damu na tunalala hospitali. Tangu darasa la kwanza kazi yake kwenye michezo ni kushika mashati ya wenzake. Alipoiona video hiyo alisimama sebuleni akaanza kurusha mateke mpaka fulana ikalowa. Sasa mwalimu anasema somo la kwanza ni kupokea teke. Huyu wangu haruhusiwi kupokea. Basi asiwe mchezaji?

Sauti ya Kijitonyama
Pole sana mama, Mungu amsimamie. Ila Kete asijifiche nyuma ya babu yake. Mimi nimesema bao halina mwili. Mchezo unachosha misuli.

Kete Sitini na Nne
Umesema "watu wasio na kazi", na bado ipo hapo juu. Na bao lina mwili: ni vidole. Mimi nimecheza lile la kwenye simu. Unagusa kioo, kete zinajitawanya zenyewe, simu inatetemeka kidogo. Sikumaliza hata mizunguko mitatu. Kete ikiwa mkononi unahisi uzito wa ulichobeba kabla hujahesabu, na mkono unakuambia hizi hazifiki kichwa cha pili, shimo la mwisho upande ule. Kwenye kioo mkono umenyamaza.

Mtoto wa Ng'ambo
Kete umenigusa. Niko Muscat. Nilijaribu miwani ya uhalisia mseto, inayochanganya picha za kompyuta na mahali ulipo, kwenye jengo moja la maduka, wakanivika na vesti inayotetemeka. Ukipigwa risasi ya mgongo unaihisi mgongoni, na inashtua kweli. Kisha mbele yangu ikatokea meza. Nikaona nimechoka, nikaweka kiganja ukingoni niegemee. Nikaenda chini mzimamzima, goti likachubuka. Macho yangu yaliapa meza ipo.

Mtetemo unakuambia umegusa, lakini haukuzuii. Wapo wanaohangaika na hilo. HaptX wa Marekani wana glavu zinazosukuma hewa kwenye vifuko vidogo mpaka ngozi ibonyee, na vidole vinakazwa visijikunje zaidi. Ultraleap wa Bristol, Uingereza, walitumia mawimbi ya sauti isiyosikika. Unayahisi kiganjani bila kuvaa kitu, lakini hayana nguvu ya kusimamisha mkono wako. Wa kukupa ukuta wa kuegemea sijamwona.

Fundi Gemu
Yupo. The Void, walioanzia Utah. Walijenga kuta na milango halisi, miwani ikavipaka sura nyingine. Unaona ukuta wa ngome, unaugusa, upo.

Mtoto wa Ng'ambo
Na 2020 vituo vyao vikafungwa. Ukishahitaji fundi mwashi, si bora nikacheze nje?

Mdau Mgeni
Wakuu, nasikia Saudia wanaandaa Olimpiki ya gemu, mambo yote haya yatakuwemo.

Fundi Gemu
Habari ya zamani hiyo. Ilitangazwa 2024 kuwa itakuwa 2025, ikasogezwa hadi 2027, na Oktoba 2025 kamati na Saudia wakaachana.

Mkanda Mweusi
Fundi, umeniuliza mbona sikulalamika. Nililalamika, na vijana wangu ni mashahidi. Vihisi vimeleta mateke ya kuparaza, mtu anainua mguu anauning'iniza juu akitafuta pointi. Lakini hata hivyo mwenzako yupo mbele yako, anahema, anakuogopa au hakuogopi. Cheick Cissé wa Côte d'Ivoire aliichukua dhahabu ya Rio 2016 kwa teke la kichwa sekunde ya mwisho kabisa. Teke lile lilitoka kwa mtu aliyekuwa anamsoma mpinzani mwili kwa mwili. Usinifundishe mchezo wangu.

Mama Wawili, Tanga
Mwalimu, bado sijajibiwa.

Mkanda Mweusi
Mama, sijakusahau. Nimeandika nikafuta mara tatu. Ningekuwa jirani ningekwambia umlete Jumamosi saa moja asubuhi, aingie kwenye pumse: mitindo ya kupiga na kukinga peke yako, bila kupambana. Ina ubingwa wake wa dunia tangu 2006. Daktari wake akikubali, tafuta mwalimu hapo Tanga, na mwalimu huyo aambiwe kuhusu damu kabla hajafunga mkanda.

Fundi Gemu
Mwalimu, pumse ni kupiga hewa.

Mkanda Mweusi
Najua ni kupiga hewa. Naifundisha kila Jumamosi. Lakini mtoto anayecheza pumse ana sakafu chini ya mguu na mimi nipo pembeni, namshika kiwiko namwambia hapa, si pale. Hilo ndilo silioni kwenye video yako. Labda nimeuliza swali vibaya tangu mwanzo, sijui. Nitalifikiria.

Mama Wawili, Tanga
Asante mwalimu. Nitauliza kliniki siku yake ya sindano.

Sauti ya Kijitonyama
Kete, jambo moja. Marehemu baba alikuwa anacheza, Kilwa. Kwao kete ya mwisho ikiishia kwenye nyumba, lile shimo la pembe nne, unalala, yaani zamu yako imeisha, basi.

Kete Sitini na Nne
Kwenye namua ukiwa umekula, una hiari: ulale, au usafiri, yaani uendelee kutawanya. Baba yako alikufundisha mwenyewe au ulikuwa unamtazama?

Sauti ya Kijitonyama
Nilikuwa namtazama.