Mliofanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito, pombe inawachukuaje? Tupeane uzoefu

Habari zenu wakuu. Naanza mimi.

Nilifanyiwa baipasi ya tumbo miaka mitatu iliyopita, kutoka kilo 138 hadi 84. Zamani bia nne zilikuwa hazinitikisi. Mwezi wa nane baada ya upasuaji nikaenda sendofu ya binamu yangu, nikapokea glasi ya mvinyo. Sijafika hata nusu, masikio yakaanza kuvuma, midomo ikafa ganzi, sahani ya pilau nikaiona mbili. Dada akaninong'oneza, "We, umeanza kunywa tangu nyumbani?" Nilitolewa ukumbini nimeshikwa mikono huku na huku, wakwe wanaangalia.

Kliniki walinifundisha protini, vitamini, kuacha soda. Kuhusu pombe waliniambia "usinywe kwa sasa", basi. Hilo bado linaniuma.

Daktari mwingine ndiye aliyenichorea kwenye karatasi. Tumbo zima huikalisha pombe na huanza kuivunja humo humo. Baada ya baipasi kinabaki kifuko cha mililita 30 hivi, kama vijiko viwili vya chakula, na kinywaji kinateremka moja kwa moja kwenye utumbo mwembamba. Dakika chache tu kiko kwenye damu. Utafiti wa Marekani wa 2015 ulikuta wanawake waliofanyiwa baipasi wakinywa vipimo viwili vya pombe, damu yao inasoma kama ya mtu aliyekunywa vinne.

Nyie je?

Mama Wawili: Pole sana dada. Mimi sikufanyiwa baipasi, nilikatwa sehemu kubwa ya tumbo. Siku moja nilikunywa konyagi kidogo bila kula. Mume wangu akanikuta natoka jasho la baridi, naongea ovyo. Wageni wakasema nimelewa, niachwe nilale. Yeye akanipima: sukari imeshuka hadi 2.4. Jamani, msimwache mtu wa hivi alale, mpimeni kwanza.

Dereva wa Moro: Mimi bia mbili. Nikakaa saa nzima, nikajiona niko sawa, nikawasha gari. Kipimo cha trafiki kilinikatalia. Kichwa kilishatulia, damu bado.

Kimya Kingi: Naandika hili kwa mara ya kwanza. Nilikuwa nikiumia moyoni, nakula. Baada ya upasuaji chakula hakiingii tena. Mwaka wa kwanza sikugusa pombe. Wa pili nikagundua pombe ya kujaza kikombe kimoja cha chai inatosha kunizimisha, na asubuhi naitamani tena. Sasa chupa iko ndani ya pipa la mchele. Mke wangu hajui.

Mwanzisha uzi: Ndugu yangu, asante kwa kusema. Hauko peke yako: utafiti mwingine wa huko huko, wa 2012, uliona tatizo la pombe likiongezeka mwaka huo huo wa pili kwa watu wa baipasi. Mwambie daktari wako, akupime pia kiwango cha vitamini B1 mwilini. Nimekutumia ujumbe pembeni. Nijibu hata kama ni usiku wa manane, niko macho.