JIF (wastani wa nukuu kwa makala) ya jarida la saratani kutoka 508 hadi 286 ndani ya mwaka mmoja?

Kijana_wa_Upanga: Wakuu, salaam. Namalizia uzamili, nina makala ya saratani ya shingo ya kizazi. Msimamizi anataka jarida lenye JIF kubwa, ndipo nikaanza kupekua takwimu za miaka ya nyuma za Clarivate, kampuni inayotoa JIF. CA, lile jarida la Chama cha Saratani cha Marekani, lilikuwa na 508.7 mwaka 2020. Mwaka uliofuata, 286.1! Wahariri walivurunda, au hizi namba zinapikwa?

Mkutubi_wa_Zamu: Hakuna aliyevurunda, mdogo wangu. JIF ya 2020 inakusanya nukuu za mwaka huo kwa maandishi yaliyotoka 2018 na 2019, kisha inagawa kwa idadi ya makala za utafiti na mapitio za miaka hiyo miwili. Basi. (Tahariri na barua zikinukuliwa zinahesabiwa juu, chini kwenye kigawanyo hazimo. Kaujanja hako ka zamani.)

Sasa, mwaka 2018 CA lilitoa takwimu za GLOBOCAN, yale makadirio ya saratani duniani: saratani 36, nchi 185. Kila anayeandika utangulizi anaanza na "saratani hii ni ya ngapi duniani" na kuinukuu. Nina hakika nawe umo. Hesabu ya 2021 ikaangalia 2019 na 2020, ripoti ikabaki nje. Watu waliendelea kuinukuu, ila haikuingia tena kwenye hesabu.

Chukua mfano wa kubuni: makala 40, moja ina nukuu 8,000, zilizobaki 50 kila moja. Wastani ni karibu 249. Ukizipanga ukachukua ya katikati, unapata 50. Msimamizi anaiona ile 249 na kudhani nawe utagawiwa.

Daktari_Mulago: Nyongeza kutoka Kampala. Burkitt, daktari mpasuaji aliyefanya kazi Uganda, alichapisha habari za uvimbe wa taya za watoto wa huku mwaka 1958, kwenye British Journal of Surgery. Epstein, mtafiti wa virusi, alimsikia akihutubia London 1961, na kirusi cha Epstein-Barr kilichopatikana kwenye uvimbe huo kikatangazwa 1964. Kwa dirisha la miaka miwili, makala ile ingefungiwa hesabu 1960! Halafu rejesta yetu ya saratani inalisha hiyo GLOBOCAN, nukuu zinaenda CA. Wanaopekua mafaili wodini hawamo.

Kijana_wa_Upanga: Nimeelewa, wakubwa zangu. Ila mzee wangu hataki hadithi, anataka namba.

Mkutubi_wa_Zamu: Mpelekee namba, basi. CiteScore, kipimo kama hicho cha hifadhidata ya Scopus, inatazama miaka minne, haiyumbi sana. CA lisahau, lile kazi yake kubwa ni mapitio na takwimu. Chagua majarida mawili matatu, tafuta humo makala za shingo ya kizazi, andika kila moja imenukuliwa mara ngapi, mpe ya katikati. Na ada ya kuchapisha itazame mapema, kabla hujamtajia jina la jarida.