Tupeane uzoefu: mliosajiliwa kuuzia serikali huku Mtwara na Lindi, biashara imekua kweli?

Rimu Moja

Wakuu, salaam. Nawauliza wafanyabiashara wa kusini, ila kwa sharti moja: kila mtu aeleze lililomkuta yeye. Za "nasikia" tuziache kijiweni.

Naanza mimi. Nina stationari Mtwara mjini. Anayefanya biashara huku anaijua kalenda yetu. Minada ya korosho ikianza mwezi wa kumi, hela inaonekana. Watu wanalipa ada, wanaezeka, wananunua pikipiki. Ikifika Machi mtaa umekauka, mteja anaomba auziwe karatasi kwa kuhesabu. Miaka yote nilikuwa nakula mtaji kuanzia Machi mpaka Septemba, kisha naurudisha kwenye korosho.

Nilipojisajili NeST, ule mfumo wa serikali wa kununua kwa mtandao ulioanza 2023 ukachukua nafasi ya ule wa zamani, TANePS, ndipo nikaona kwamba serikali nayo ina msimu wake, na msimu huo hauendi na wetu. Mwaka wao wa fedha unaisha 30 Juni. Aprili na Mei ofisi zinamalizia bajeti, maombi ya bei za karatasi, tona na vitabu vya mahudhurio yanamiminika, na mtaani wakati huo hakuna hata anayeuliza bei. Oda zenyewe si kubwa kihivyo. Zinakuja tu wakati ambao nilikuwa sina kitu. Kijana wa dukani niliyekuwa namsimamisha kila masika sasa analipwa mwaka mzima.

Kuuza serikalini nilikuwa nauza hata zamani, lakini kwa kumjua mhasibu. Mhasibu akihamishwa, na biashara imehama naye.

Haya, na nyie.

Mama Supu wa Ligula

Sisi ni kikundi cha akina mama, tunapika. Tulianza na chai na vitumbua jirani na hospitali. Afisa maendeleo ya jamii ndiye aliyetuambia kuwa sheria inataka taasisi za umma zitenge 30% ya bajeti ya ununuzi kwa vikundi vya wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Tukayachukulia kama maneno ya semina. Baadaye mwenzetu mmoja akasema maneno ya semina ndiyo hayo hayo wanayolipiwa posho, hebu tujaribu. Kikundi kikaandikishwa halmashauri, tukafungua akaunti benki, tukaingizwa kwenye mfumo kama kundi maalumu.

Kazi ya kwanza ilikuwa chai ya asubuhi na chakula cha mchana cha kikao. Kupika halikuwa tatizo. Kilichotutoa jasho ni kuandika bei. Sisi bei tulikuwa tunaipanga kwa macho: mteja akija amevaa tai, unaongeza. Mfumo unataka sahani moja ni shilingi ngapi, na ukishaandika umeandika, hata kama samaki wamepanda pale Feri asubuhi ya kazi. Ikabidi tukae chini tupige hesabu ya mkaa, mafuta, mchele, bodaboda, na jasho letu ambalo hatukuwahi kulihesabu. Ndugu zangu, ile pilau ya mtaani tuliyokuwa tunajisifu kuwa inaisha kabla ya saa nane, kumbe tulikuwa tunailipia sisi! Kila sahani ilikuwa inatoka na mia mbili zetu.

Tukapandisha bei. Wateja wakanuna kidogo, wakarudi. Kwa hiyo mkiniuliza serikali imetukuza vipi, hela ya vikao ipo, lakini faida kubwa tumeipata kwenye ile pilau. Na siku hizi hata wenye harusi wanatuita, wakisikia tumelisha vikao vya serikali hawaulizi maswali mengi.

Nondo Kumi na Mbili

Mama Supu umenichekesha na hiyo tai. Mimi ni hadwea, Masasi.

Kusini tuna bahati moja: saruji. Kiwanda cha Dangote kiko hapo Msijute, kwa hiyo mtu wa Dar akija kushindana nami kwenye saruji ya kujengea shule huko Nanyumbu, nauli inamuumbua. Nondo na bati ndiko anakonizidi, maana mimi mwenyewe nazifuata Dar. Basi siombi kila tangazo linalopita. Naangalia nini kiko karibu yangu kuliko mwenzangu. Shule na zahanati nyingi zinajengwa kwa fosi akaunti, vifaa vinanunuliwa peke yake na fundi analipwa ufundi wake, na siku hizi manunuzi hayo nayo yanapita humo humo NeST. Ndiyo maana mtu mwenye duka wilayani naye anaonekana.

Ila tusifichane. Kuna halmashauri moja, jina naliacha, nilishusha mzigo mwanzoni mwa Juni. Mapokezi yamesainiwa, ankara imepelekwa. 30 Juni ikapita hela haijatoka, nikaambiwa sasa ni deni, lisubiri mwaka mpya wa fedha. Nimekuja kulipwa korosho ziko mnadani. Na mzigo ule nilikuwa nimeukopea. Nililipwa yote, senti haikupungua, faida ikaenda yote benki. Rimu Moja anasifu Aprili na Mei, sawa, lakini Juni uiogope.

Tangu hapo mzigo wa serikali hauzidi kiasi ambacho duka linaweza kukaa bila kukiona kwa miezi. Hata waniite mwoga.

Halafu wageni mjue, kwenye bidhaa inakatwa 2% ya kodi ya zuio kabla hela haijakufikia. Haijapotea, inahesabiwa kwenye kodi yako ya mwaka, lakini udai hati yake. Usipoidai, umeitoa sadaka.

Sijaona Kitu

Niko Lindi. Nimejisajili muda mrefu tu, hakuna aliyenipigia simu. Hizi ni habari za kutiana moyo.

Rimu Moja

Mkuu, nani akupigie? Unaingia mwenyewe, unasoma matangazo, unaomba. Ulichagua aina gani ya biashara wakati wa kujisajili?

Sijaona Kitu

Ujenzi. Shemeji alisema ndiko kwenye hela.

Rimu Moja

Na unafanya nini?

Sijaona Kitu

Nauza vipuri vya pikipiki.

Nondo Kumi na Mbili

😂😂 Mkuu, ujenzi lazima uwe umesajiliwa Bodi ya Makandarasi. Ingia ubadilishe uweke vipuri. Maafisa ugani na watendaji wangapi hapo Lindi wanazunguka kwa pikipiki za serikali?

Randa na Msumeno

Mie fundi seremala, Newala. Tuko vijana kwenye kikundi. Ile mikopo ya vikundi inayotoka kwenye 10% ya mapato ya ndani ya halmashauri iliposimama 2023 tulikuwa katikati ya maombi, ikatubidi tutafute njia nyingine mpaka iliporudi 2024. Katika kutafuta huko ndipo tukaingia kwenye zabuni za madawati.

Kwanza niseme la kodi, maana wengi huku ndilo wanaloliogopa ingawa hawalitaji. Mtu anasema ukijisajili TRA watakuona. Ni kweli, watakuona. Kila shilingi ya serikali ina risiti ya EFD na huwezi kujifanya hukuipata. Ila nami nikaanza kujiona. Zamani ukiniuliza mwaka jana nimeuza kiasi gani, nilikuwa naangalia juu kama natafuta popo.

Benki miaka yote walikuwa wananiuliza hati ya nyumba. Nyumba yenyewe ya familia, hati hakuna. Tulipopata LPO, yaani hati ya oda ya serikali, ya madawati nikaenda nayo pamoja na karatasi za kazi ndogo tuliyoimaliza kabla, maswali yakabadilika: nani kanunua, utamaliza lini, ile ya kwanza ulilipwa? Wakatupa mkopo wa kununulia mbao, hela ya dawati ikapitia kwenye akaunti hiyo hiyo, wakakata chao. Mkopo wa namna hiyo mtu asiye na karatasi haupati, hata awe fundi kuliko sisi.

Na shule moja ya binafsi ikatufuata baadaye. Walitaka fundi mwenye risiti na mkataba, kwa sababu nao wanakaguliwa. Kazi yao ilikuwa kubwa kuliko ya serikali.

Ninachokichukia ni wenzetu wanaoshusha bei mpaka unajiuliza mbao wanaokota. Anashinda, anashindwa kuleta, watoto wanaendelea kukaa chini. Halafu analia kafungiwa. Lile tamko la dhamana ya zabuni tunalojaza si pambo: ukishinda ukakimbia, PPRA, wale wanaosimamia ununuzi wa umma, wanaweza kukufungia usiombe tenda yoyote ya umma. Watu wanabofya "nakubali" kama wanavyobofya kwenye magemu.

Bibi wa Mikindani

Wanangu, mimi nauza sabuni, mifagio na dawa za chooni. Nina TIN ya jina langu na leseni, kampuni sina. Mjukuu wangu ndiye anayejua haya mambo ya mtandao, kasema atanisajili kwa simu yake. Inafaa?

Rimu Moja

Shikamoo bibi. Kampuni si lazima, mtu mmoja mwenye biashara yake anaruhusiwa. Na bidhaa zako ni nzuri, hakuna ofisi, shule wala zahanati isiyodeki.

Ila simu ya mjukuu hapana. Mimi hapa dukani nasaidia watu kujisajili, na shida ninayokutana nayo sana ni hiyo: mtu kasajiliwa na kijana fulani kwa namba na barua pepe ya kijana. Kijana kaenda Dar, kabadilisha laini. Mzee wa watu anashinda tenda, taarifa inakwenda kwenye simu iliyokufa, siku za kukubali zinapita. Njoo na kitambulisho cha NIDA, TIN, leseni na simu yako mwenyewe.

Bibi wa Mikindani

Marahaba mwanangu. Ya kwangu ni ya vitufe.

Rimu Moja

Inatosha bibi, meseji itaingia. Barua pepe tutaifungulia hapa hapa, nywila uiandike kwenye daftari lako ukae nalo wewe. Mjukuu aje tu kukusindikiza.

Sijaona Kitu

Nimebadilisha, nimeweka vipuri. Kuna tangazo la matairi na betri, linafungwa Ijumaa. Nondo, ile 2% naijumlisha kwenye bei au naiacha?

Nondo Kumi na Mbili

Usiipandishie bei, wenzako watakupita. Ni kodi yako ya mwaka unailipa mapema. Ila hakikisha mtaji wako wa mzigo unaofuata hauitegemei. Na betri uliza kwanza kama wanataka za maji au kavu, niliwahi kuona mtu karudishwa na mzigo mzima.