Nimefunga saiba yangu Kaptembwo, mbona inaniuma hivi?

Wa_Saiba:
Habari zenu wadau. Mwisho wa mwezi nilirudishia mwenye plot funguo, saiba imekwisha, ile kazi yangu ya kompyuta, intaneti na kopi hapa Nakuru. Hesabu nilikuwa nimeiona kitambo, siku hizi eCitizen ya huduma za serikali iko kwa simu, mkopo wa chuo wa HELB kwa simu, hata zile returns za kodi za KRA zilikuwa zinanijazia benchi mwezi wa sita sai mtu anajifanyia akiwa kwa matatu, nikabaki na wazazi wa CBC, ule mtaala wa shule, wanaokuja saa mbili usiku kuprinti picha ya ng'ombe na bado wanalia bei ya rangi. Kwa hivyo sio ati sielewi kwa nini imefungwa. Deni ni la chama tu na tumeelewana.

Shida ni mimi. Naamka saa kumi na mbili kama kawaida, naoga, navaa, halafu nakaa kwa kochi. Mashine ya kopi iko hapa sebuleni, mke wangu ameifunika na leso, watoto washaanza kuweka rimoti na vitabu juu yake na nikiona hiyo rimoti pale nashikwa na hasira sijui ya nini. Nikienda steji nazunguka nyuma ya kanisa ndio nisipite pale mbele. Mke anasema ni biashara tu, nitapata ingine. Kuna mtu amepitia hii kitu? Mlikuwa mnajibu aje mkiulizwa mbona ulifunga?

Nyar_Kondele:
Pole sana ndugu yangu. Mimi nilikuwa na hoteli ya samaki hapa Kisumu, mafuta na gesi zilipanda wateja nao wakawa wa kukopa tu, nikafunga. Watu walinipa pole ya pesa. Hakuna aliyejua kilichoniuma ni mzee mmoja fundi wa viatu, alikuwa anakuja saa saba, haongei, anakula mkia wa mbuta na ugali, analipa anaenda. Hata namba yake sina. Huo ni msiba kama ule mwingine, tofauti ni kwamba huu hakuna matanga, kesho yake unaulizwa kama utauza mitumba.

Wakiniuliza nilikuwa nasema "hesabu ilikataa" halafu nauliza habari ya watoto wao. Ukweli wote nilimwambia shemeji yangu peke yake. Na pale mahali usipitie peke yako mara ya kwanza. Mimi nilienda na yeye, tukakuta wanauza simu, nikalia, nikanunua kava, tukaenda zetu.

Buda_58:
Tupunguze machozi kidogo jamani. Mashine ikikaa bila kazi inaharibika na vumbi la Nakuru unalijua. Uza hata kesho, hasira itaondoka nayo.

Wa_Saiba:
@Buda_58 najua, lakini nikifikiria mtu akiibeba kwa mkokoteni roho inakataa. @Nyar_Kondele asante dada, hiyo ya shemeji nimeisikia.

Karani_Kakamega:
Ya roho wamekuambia, mimi naongeza ya makaratasi kwa sababu ndio yanakurudisha kwa kidonda wakati umeanza kusahau. Kama PIN yako, ile namba ya kodi, ilikuwa na turnover tax, kodi ya mauzo ya biashara ndogo, omba KRA waitoe, la sivyo kila mwezi usipofaili ni penalti ya elfu moja na hawajui ulifunga. Returns za mwaka bado utafaili kufikia 30 Juni hata kama ni nil, yaani hukupata kitu, faini yake huanzia 2,000. Jina la biashara pia lifunge huko huko eCitizen, na kaunti waandikie barua uweke kopi, ndio mwakani usidaiwe permit ya mlango ambao sio wako.

Halafu kama usingizi umepotea ama chupa imeanza kuingia, piga 1199, ni ya Msalaba Mwekundu na ni ya bure. Sio lazima uwe umefika mwisho ndio upige.

Wa_Saiba:
Chupa hapana. Usingizi ndio mbaya, unakatika saa tisa usiku. Nitapiga.

Mwalimu_Molo:
Pole mkuu. Sikutaka kuingilia, lakini shule yetu inatafuta mashine ya kopi ya mitihani. Ukiwa tayari, si lazima wiki hii, sema ni aina gani na drum iko aje. Na kama utaweza kuja siku moja umuonyeshe sekretari vile inatumika tutashukuru, nauli juu yetu.

Wa_Saiba:
Ni Kyocera, drum bado nzuri. Nicheki inbox Jumatatu mwalimu.